Paji la Uso la Mwalimu Shomari

Yai likivunjwa jikoni kwa jirani, mimi hukunja pua hapa nilipo. Si kwamba mayai siyapendi. Niliyala sana, wallahi, niliyala utotoni mpaka nikawa najipapasa mgongoni kuona kama nimeanza kuota manyoya. Tena niliyala nusu nusu: viini tu. Asubuhi viini, mchana viini, jioni viini vimefichwa ndani ya tui la nazi ili tusivitambue, nasi tukavitambua. Ute haukuwa wetu. Ute ulikuwa wa baba na karatasi zake.

Juzi harufu hiyo ilinijia nikiwa nimekaa na kijana mmoja wa Zinga. Amenunua kamera Dar es Salaam, inakunjika kama mwavuli, inang'aa kuliko meno ya bwana harusi, naye amekuja kwa Bi Mwanaidi mpiga picha za wanawake, yaani mimi, apewe siri za kazi. Nikamkaribisha, nikampa kahawa, nikasubiri aniulize la maana. Akaniuliza lenzi ipi ni bora. Nikamjibu. Akaniuliza lenzi ipi ni bora kuliko hiyo. Halafu akataka kujua nyuso husafishwaje zikatoka nyororo, na wateja huvutwaje wakajaa. Kuhusu watu wenyewe, wale wanaokaa mbele ya hiyo lenzi, hakuuliza hata neno. Wanakuja wengi wa namna hii, na kila mmoja huniacha kichwa kinaniuma. Mimi nimehitimu shule ya usiku mvi zimeshanitoka, na cheti changu nimekitia kwenye fremu nzuri kuliko ya picha ya harusi yangu. Nilijifunza kuandika ili nisirudie maneno yale yale kwa mdomo. Basi leo naandika. Atakayekuja tena kuniuliza lenzi nitampa karatasi hizi na kikombe cha kahawa, asome akinyamaza.

Zamani hizo Wajerumani walikuwa hawajapandisha bendera yao Bagamoyo. Mji ulikuwa wa Seyyid wa Unguja, na njia zake zilijaa wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu mabegani. Baba yangu, Fundi Kombo, alikuwa amefanya kazi Unguja kwa Mgoa mmoja mpiga picha, kazi ya kubeba masanduku na kuwakataza wateja kucheka. Yule Mgoa alipopata vioo vya kisasa, vinavyokuja kutoka Ulaya vimeshatiwa dawa, akamwachia baba zana zake kuukuu. Baba akarudi nazo nyumbani kama mtu aliyerithi ufalme.

Ufalme wenyewe ulikuwa sanduku la mbao kubwa kama kabati la vyombo, lenye jicho la shaba mbele. Miguu mitatu ambayo haikupata kukubaliana, mmoja ukisimama mwingine unalala. Kitambaa cheusi kilichonuka jasho la Mgoa. Na chuma cha shingo. Chuma hicho kilisimama nyuma ya kiti na kumbana mtu kisogoni kwa vidole viwili asitikisike, maana picha za siku zile zilitaka utulie kwa muda wa kusoma Fatiha polepole. Niliwaona wanaume waliopishana na simba huko nyikani wakikitazama chuma kile, kisha wakakumbuka kuwa wana shughuli nyumbani.

Na kioo, jamani. Kioo kilimwagiwa dawa nzito yenye harufu ya kulevya, kikachovywa katika maji ya fedha, kikatiwa sandukuni kingali kimelowa, kikapigwa, kikakimbizwa gizani kuoshwa kabla hakijakauka. Karatasi nazo zilipakwa ule ute wetu wa mayai. Mama alisema nyumba yetu ilinuka kama duka la dawa lililofunguliwa ndani ya banda la kuku. Vidole vya baba viligeuka vyeusi kwa ile dawa ya fedha, watu wakamtania kuwa amejipaka piko kama bibi harusi. Naye aliudhika kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

Lakini adui mkubwa alikuwa vumbi. Kila chembe iliyoangukia kioo kilicholowa iliacha kitundu, na kila kitundu kilitoka doa jeusi kwenye karatasi. Mtu alikuja na uso safi, akatoka kwenye picha kama aliyenyunyiziwa pilipili manga. Kwa hiyo vitundu vilibidi vizibwe kwa ncha ya penseli, kimoja kimoja, kioo kimeinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Kazi hiyo baba hakuiweza. Mikono yake ilikuwa ya kubebea masanduku. Aliyeiweza alikuwa mama.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa mtu wa ndani, kama walivyokuwa wake wa mtaa wetu wenye kujistahi. Hakutoka ila jioni, amejifunika gubigubi, kwenda kwa dada yake, macho chini. Alishona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na wanaume wengi wa mji walizivaa bila kumjua sura. Baba alipoona jinsi anavyozungusha sindano kwenye tundu dogo kuliko jicho la sisimizi, akamtia penseli mkononi. Mama akasema kazi ni ile ile, ila huku tundu linazibwa na kule linaachwa.

Hilo likawa siri ya nyumba, na nadhani mnaelewa kwa nini. Mke wa mtu kukaa dirishani na uso wa mwanamume mwingine mkononi, akimgusagusa pua na mashavu! Hata kama ni uso wa kioo, uliogeuka, ndevu nyeupe zimekuwa nyeusi na macho meusi yamekuwa meupe, mtaa ungepika maneno ya kula mwaka mzima. Mimi nilikuwa binti mdogo, nikipita mbele na nyuma bila kuulizwa, kwa hiyo ndimi niliyepeleka vioo ndani na kuvirudisha dukani vimefunikwa kitambaa.

Juu ya siri hiyo baba akaongeza ubishi wake mwenyewe. Kila mteja aliyesitasita alimwambia, "Sanduku langu haliongezi wala halipunguzi." Alilisema barazani, akalisema sokoni, akalisema kwenye matanga ya watu. Na huku ndani mama anapunguza. Karani mmoja wa forodha, aliyeliwa uso na ndui, alitoka kwenye picha shavu kama embe bichi. Alifurahi mno. Akawaambia watu kwamba ndivyo alivyo kwa kweli, ila wao ndio walikuwa hawamtazami vizuri.

Haya, sasa Mwalimu Shomari.

Mwalimu alikuwa na chuo chake cha Kurani mtaani kwetu Dunda, nasi watoto tulikaa kwenye mikeka yake tukiimba aliyotuandikia ubaoni. Alikuwa mrefu, mkavu, na mpole kwa kiasi cha kuudhi. Ukikosea hakukupiga, alikungoja. Bora fimbo. Na katikati ya paji la uso alikuwa na sijida, ile alama nyeusi inayomtoka mtu kwa kusujudu miaka na miaka. Yake ilikuwa kubwa kama kishikizo, imekomaa kama ngozi ya goti, na sisi tuliitazama kuliko tulivyoutazama ubao.

Mwanawe mkubwa alikwenda bara na msafara akaoa huko, akazaa huko. Mke wa Mwalimu alikuwa hapati usingizi kwa sababu wajukuu hawamjui babu yao, akamsumbua mumewe apigwe picha ipelekwe na msafara utakaofuata. Mwalimu alifikiri sana kama ni halali. Mwishowe akamwambia baba kwamba kivuli chake amekuwa nacho tangu azaliwe na hajapata kukisujudia, basi akipige. Akaja na kanzu iliyotoka kufuliwa na kofia ya viua aliyoshona mama. Baba akaisogeza kofia nyuma kidogo ili mwanga uingie usoni, akaleta chuma cha shingo. Mwalimu akatulia hata chuma kikaonekana hakina kazi.

Upepo siku hiyo ulibeba vumbi la Bagamoyo nzima pamoja na la jirani zake. Nilipompelekea mama kioo, alikiinua dirishani akasonya. Vitundu kila mahali: ukutani, kwenye kanzu, shavuni, puani, na kimoja kikubwa katikati ya paji la uso. Alikaa nacho mpaka mwanga ukamwishia. Hicho cha pajini ndicho kilichomchosha kuliko vyote, maana kila akidhani kimeziba, alipokiinua tena kilikuwa kinapenyeza nuru.

Mtaniuliza, mama hakujua kuwa Mwalimu ana sijida? Angejuaje? Alikuwa jirani yake tangu alipoolewa. Alimshonea kofia, alimpelekea futari kila Ramadhani kwa mkono wangu, na hakupata kumtazama usoni hata mara moja. Wakikutana njiani mama alitazama chini, naye Mwalimu alitazama ukuta. Mama alimjua kwa viatu. Kwa adabu zake zote alikuwa hajaiona alama ambayo hata kipofu wa pale sokoni alikuwa na habari zake.

Baba naye hakutazama. Alikuwa na haraka ya jua. Alichapa karatasi mbili, akazisifu ndevu, moja akampa Mwalimu imefungwa kitambaani, na ya pili, nasema hili meno yakiniuma, akaitundika barazani kwenye njia ya sokoni bila kumwomba mwenyewe. Kijana wa Zinga, kama umefika hapa, weka kikombe chini unisikilize. Uso wa mteja si kibao cha duka lako. Omba. Akikataa, tundika picha ya mbuzi.

Wa kwanza kuona alikuwa Mbaruku kinyozi, aliyenyolea watu ng'ambo ya njia yetu. Alivuka na wembe mkononi, mteja wake ameachwa na nusu ya kichwa, akasimama mbele ya picha.

"Fundi Kombo," akaita, "hili sanduku lako haliongezi wala halipunguzi, sivyo?"

"Haliongezi wala halipunguzi," baba akajibu kutoka ndani, kwa fahari.

"Basi Mwalimu kaiacha wapi sijida yake?"

Baba akatoka. Nilimwona anavyoitazama picha. Paji la uso la Mwalimu lilikuwa jeupe, laini, kama la mtoto wa siku arobaini.

Mbaruku alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ndio aliousema. Alisema kumbe ile ilikuwa masizi. Alisema yeye ndiye anayemnyoa Mwalimu, na ukiipaka ndimu inatoka. Watu wakacheka. Lakini mzaha ukitoka kwenye kiti cha kinyozi haurudi ulivyokwenda. Ulipofika sokoni ulikuwa habari, na ulipofika kisimani ulikuwa ushahidi, na walikuwapo wanawake watatu walioapa kuwa dada zao wameiona sufuria yenyewe anayojisugulia alfajiri. Waliokuwa wakimheshimu Mwalimu tangu utoto wao wakaanza kumtazama paji la uso anapowasalimu. Wavulana wakubwa wakajipaka makaa usoni wakamfuata nyuma akitoka msikitini. Kisha wazazi wakaanza kuwatoa watoto chuoni, huyu anaumwa, huyu anahitajiwa shambani, na mikeka ikabaki wazi kama kinywa cha bibi.

Baba akaishusha picha usiku usiku, na hapo akaharibu zaidi. Asubuhi watu wakasema amehongwa.

Na Mwalimu? Mwalimu alinyamaza. Hiki ndicho kilichonitia wazimu. Kila siku alipita mbele ya duka letu, akatoa salamu, baba akaiitikia kwa sauti ya panya, naye akaenda zake. Hakuuliza picha ilikuwaje. Hakugomba. Mimi niliyebaki mkekani nilikuwa natamani asimame sokoni aite maji, sabuni na ndimu, waisugue mbele ya watu mpaka wachoke. Badala yake alikuwa akitungoja tukikosea, na tukikosea tena, akatungoja tena. Nikaona ni mwoga. Kwa akili yangu ya utoto nikaona hata mimi ningejitetea vizuri kuliko yeye, na huenda ni kweli, maana mimi nilikuwa na kucha.

Siku niliyorudi na kanga imechanika kwa kupigana na mvulana mwenye makaa usoni, mama alinikalisha akanitaka sababu. Nikamweleza. Ndiyo mara ya kwanza habari hizo kuingia ndani kwetu, kwa kuwa baba alikuwa amezizuia mlangoni. Mama akaweka sindano chini.

"Hiyo sijida iko wapi?" akauliza.

Nikagusa katikati ya paji langu la uso. Akanitazama kidole muda mrefu, kisha akatazama dirisha lake. Baba alipoingia kula, viini vya siku hiyo havikuguswa.

"Baba Mwanaidi," mama alisema, "nimemfuta Mwalimu wa watu."

Baba hakukana. Akaanza kueleza shida zake, na alikuwa nazo nyingi. Akikiri kwamba vioo vinazibwa, neno lake la sanduku limekufa, na kila aliyepigwa picha atatazamwa upya, kuanzia na karani wa forodha. Tena watauliza nani mzibaji. Mikono yake wanaijua.

"Nitamtaja nani?" akasema. "Wewe?"

"Utajitaja wewe. Watakucheka, utazoea."

"Na lile neno langu?"

"Neno lako lilikuwa la uongo tangu siku uliyolitoa, Bwana weye. Sijida yake ni ya kweli. Chagua lipi life."

Baba akasema basi atampiga Mwalimu picha nyingine. Mama akatikisa kichwa. Picha mpya watasema kajisugua upya. "Wamekiona kioo kikimkataa," akasema. "Nao wakione kioo hicho hicho kikimkubali."

Kesho yake baada ya adhuhuri, jua liko utosini, baba akatoa meza barazani, akaweka juu yake kioo cha Mwalimu, chupa ya tapentaini, kipande cha pamba na fremu ya kuchapia. Akanituma chuoni nikamwite Mwalimu, na kwa watu wengine hakutuma mtu. Hakukuwa na haja. Mtaa wetu ulisikia chupa ikifunguliwa. Walikuja wa Dunda wote, wakaja na wavuvi wa Mlingotini waliokuwa wameleta samaki, hata nikadhani kaya za Bagamoyo zimebaki na paka tu. Mama alikuwa nyuma ya mlango, umefunguliwa kwa upana wa jicho.

Baba alizungumza vibaya. Alikuwa na maneno mazuri ya kusifu sanduku, lakini haya hakuwa amezoea kuyasema. Alisema vioo vyake hupata vitundu kwa vumbi, na huzibwa kwa penseli. Alisema kioo cha Mwalimu kilikuwa na vitundu vingi, na mzibaji alipofika pajini akadhani sijida nayo ni kitundu.

"Mzibaji nani?" mtu akauliza.

"Mimi," baba akasema, na kuficha mikono yake mikubwa nyuma ya kanzu.

Mbaruku akasema, kwa sauti ya kujaribu mzaha, kwamba mwenye duka hakosi kisingizio. Baba akampa pamba. Alimwambia yeye ndiye mwenye mkono mwepesi mjini, na ndiye aliyesema inatoka, basi aitoe. Watu wakacheka, naye hakuwa na pa kukimbilia. Akalowesha pamba kwenye tapentaini, akasugua pale alipoonyeshwa, pole pole kama anayenyoa mtoto mchanga. Alipoiinua, pamba ilikuwa na weusi wa penseli. Akainusa. Akaitazama tena.

Baba akalaza karatasi nyuma ya kioo, akafunga fremu, akaiweka juani. Karatasi zile za ute, kwa msiozijua, hazikungoja gizani. Jua lenyewe liliivuta picha pole pole, na mlango mdogo wa nyuma ya fremu ukikuruhusu kuchungulia chini ya kitambaa imefikia wapi. Panapopenya nuru nyingi ndipo panapotangulia kuwa peusi. Nilisikia harufu ya mayai ikipanda na joto, na kwa mara moja maishani haikunikera.

Baba akachungulia. Akamwita Mbaruku naye achungulie.

"Kuna nini?" watu wakauliza.

"Ukuta," Mbaruku akasema. Kisha, "Macho." Uso wa Mwalimu wenyewe ulikuwa haujafika bado, ndevu ni karatasi tupu. Kisha akaguna, akainua kichwa, na kumtafuta Mwalimu aliyekuwa amesimama mwisho kabisa, ukutani, na wanafunzi wake waliobaki. "Ipo," akasema. "Imemtangulia hata pua."

Walisukumana kuitazama mpaka meza ikaenda upande. Kila aliyechungulia alirudi nyuma anamtazama Mwalimu, kisha anatazama viatu vyake mwenyewe. Baba akaikimbiza karatasi ndani kwenye dawa isije ikaungua, na katika msongamano ule yule karani wa forodha akamshika kanzu. Alinong'ona, lakini alikuwa na mnong'ono wa mtu aliyezoea kuita majina ya mizigo.

"Fundi," akasema, "yangu mimi usiisugue."

Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Na hapa mnisikilize ninyi wa biashara, kwa sababu baba aliogopa mwezi mzima kitu ambacho hakikutokea. Hakuna mteja aliyemkimbia. Kuanzia kesho yake walimjia mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu, kumwomba awazibe pengo la jino, awafutie kovu, awapunguze shingo. Mzee mmoja alitaka aongezewe ndevu. Kuku wa Zinga, walikotoka mayai yetu, hawakupumzika tena.

Mwalimu aliipokea picha yake ilipokauka. Aliitazama, akaikunja kwenye kitambaa. Baba alianza kumwomba radhi, Mwalimu akamshika bega, maneno yakaishia hapo. Halafu alipofika karibu na mlango wa ndani alisimama, akageuza uso ukutani kama desturi yake, akavua kofia akaikung'uta vumbi.

"Kombo," alisema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, "kofia hii haijafumuka hata uzi mmoja. Msalimie aliyeishona."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikadhani anasifu kofia. Nikaudhika tena: mtu amerudishiwa jina lake mbele ya mji mzima, naye anaongea habari za kofia.

Miaka ikapita, baba akanirithisha sanduku, na kwa kuwa wanaume hawakuwa na ruhusa ya kuwapiga picha wake za watu, mimi nikaingia vyumba ambavyo yeye hakupata kuvikanyaga. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mjane wa Mwalimu Shomari. Nilipokuwa nikimpanga kitini, akaniuliza kama mama yangu bado anashona. Kisha akanipa iliyobaki. Siku ile ile Mwalimu alipoletewa picha ya kwanza, aliliona pengo la sijida yake kabla Mbaruku hajaliona. Alichukua kioo chake cha kusomea maandishi madogo, akakaa nayo karibu na taa. Pajini akaona alama za penseli zimetoka vidoti vyeupe, vimezungushwa, duara ndani ya duara. Akavua kofia, akailaza kando ya picha, akatazama viua. Mkewe alimwuliza kuna nini, akamwambia kuna mkono anaoujua, na kwamba habari hiyo isitoke nje ya chumba kile.

Baada ya hapo ndipo mji ulipomgeukia, naye akanyamaza. Angeweza kuuliza swali moja tu barazani, "Kombo, nani ameziba hapa?", na angerudishiwa heshima yake saa hiyo hiyo. Lakini jibu lingemkuta mama. Basi aliyabeba yeye, akapita mbele ya duka letu kila siku akitoa salamu, akingoja, kama alivyotungoja sisi mkekani, mpaka waliokosea wajirekebishe wenyewe. Na mimi nikamwita mwoga, mimi na kucha zangu.

Kijana wa Zinga, lenzi ipanguse tu, itatosha. Penseli ndiyo ya kuogopa. Tangu siku ile mama hakugusa uso wa mtu kabla hajanituma mbele nikamtazame mteja vizuri, nirudi, aniinulie kioo na kunionyesha kila doa: "Hili ni lake au la kioo?" La kioo aliliziba. La mwenyewe aliliacha, isipokuwa mwenyewe ametuma neno. Na mimi huwauliza wateja wangu hivyo hivyo mpaka leo, nikiwa nimewashika mkono. Wengi huniambia niache zaidi ya nilivyotarajia.

Mama mwenyewe alikubali kupigwa picha uzeeni tu, baada ya kunizungusha miaka. Nilikiinua kioo chake kwenye dirisha lile lile. Hakikuwa na kitundu hata kimoja, vioo siku hizi ni safi, lakini kati ya nyusi zake palikuwa na mstari mrefu uliopenyeza nuru, mkunjo wa kukodolea mwanga. Nikamwonyesha kwa ncha ya penseli, nikamwuliza ni lake au la kioo.

Alikodoa macho, mkunjo ukaingia ndani zaidi.

"Langu," akasema. "Nimelipata kazini. Liache."